Kujadili maadili katika kikundi cha wahumanisti Mombasa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliofika kikaoni mara ya kwanza, kwa jamaa zao, na kwa wale ambao wangependa kuja lakini bado wanasitasita. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu ana kwa ana. Pale ambapo sisi wenyewe hatujaafikiana, tumesema hivyo.

Uhumanisti ni kitu gani?

Ni msimamo wa maisha unaoshikilia kwamba binadamu anaweza kutambua jema na baya kwa akili, uzoefu na huruma aliyo nayo, na kwamba sisi kwa sisi tunawajibika kwa maisha haya tunayoishi. Mhumanisti hangoji amri kutoka mbinguni ili ajue kwamba kumla yatima haki yake ni uovu. Vyama vya wahumanisti vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam mwaka 1952, vikaunda umoja na kutoa tamko la pamoja. Tamko hilo limeandikwa upya mwaka 2002 na tena 2022. Umoja wenyewe siku hizi huitwa Humanists International.

Hayo si mambo ya Wazungu?

Swali hili tunalipokea kwa heshima, maana anayeliuliza mara nyingi anauliza kama tunataka kumvua utamaduni wake. Jibu ni hapana. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba maadili ya Waakan, watu wa huko kwao, yamejengwa juu ya maslahi ya watu: tendo ni jema kwa sababu linamfaa binadamu na jamii yake, ingawa Waakan wenyewe wanamwamini Mungu sana. Karibu nasi zaidi, huko Kasese magharibi mwa Uganda, kuna shule ya msingi ya kihumanisti iliyoanzishwa mwaka 2011 na Waganda wenyewe.

Hapa pwani, kukaa barazani jioni na kubishana juu ya haki, ndoa, deni na uongozi ni desturi ya kale kuliko chama chochote cha Ulaya. Tunachoongeza ni kidogo: mwanamke na kijana wana nafasi sawa na mzee mwenye baraza, na hakuna anayenyamazishwa kwa ukoo wake.

Mimi naswali swala tano. Mimi ni mshirika kanisani. Naruhusiwa kuja?

Ndiyo, na wapo wanaokuja. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni makusudi: ibada za kanisani zimekwisha, alasiri imeshaswaliwa, na tunamaliza kabla ya magharibi. Zamani tulikutana Jumamosi, Wasabato wakatuambia siku hiyo inawafungia nje, tukaihamisha.

Wengi wa wanakikundi hawamwamini Mungu au hawana uhakika. Hatufichi hilo. Lakini kikao hakijadili kama Mungu yupo. Mada hiyo ina wapenzi wake, nao huendelea nayo kwenye kahawa baada ya kikao. Ndani ya kikao tunajadili la kufanya juu ya jambo linalowagusa watu, na hapo mwamini na asiyeamini wana kazi ileile.

Kikao chenyewe huendaje?

Mwongozaji anasoma mada na kueleza kisa kimoja kwa dakika chache. Kisha tunakaa kimya kidogo, kila mtu aandike anachofikiri kabla ya kusikia wengine. Kimya hicho wageni hukiona kigeni, lakini kinasaidia sana: bila hicho, msemaji wa kwanza huwavuta wote upande wake. Halafu tunazunguka duara, kila mmoja mara moja, bila kukatizwa. Baada ya hapo mjadala unafunguliwa.

Yeyote anayetaka kupinga hoja ya mwenzake sharti kwanza aieleze hoja hiyo mpaka mwenyewe aseme, "Naam, ndivyo nilivyosema." Sheria hii ndiyo tunayoishikilia kuliko zote. Imepunguza kelele zaidi ya kanuni nyingine yoyote tuliyojaribu, na mara nyingi mpingaji akimaliza kuieleza hoja ya mwenzake hukuta ugomvi wao ni mdogo kuliko alivyodhani.

Tunaitana kwa majina au kwa Bi, Mzee, dada, ndugu, kama tulivyolelewa. Shikamoo tunapeana mlangoni. Lakini mzee akishaketi kwenye duara, hoja yake inapimwa kama ya mwingine yeyote, na wazee wetu wamelikubali hilo kwa moyo mweupe.

Bila kitabu kitakatifu mnajuaje lililo jema?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza, si swali jipya wala halikuanzia kwa wasioamini. Wanazuoni wa Kiislamu wa kundi la Muutazila, wa Basra na Baghdad, katika karne ya 8 na ya 9, walishikilia kwamba akili inaweza kutambua wema na uovu hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, kufika. Al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, akapinga: jema ni lile Mungu aliloliamrisha. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas alifundisha kwamba kuna sheria ya maumbile ambayo akili ya kila mtu yaweza kuisoma. Kwa hiyo anayesema kwamba akili ina nafasi katika maadili hajatoka nje ya mazungumzo ya dini zetu. Ameingia ndani yake kabisa.

Pili, tazama tunavyoishi. Mtu akikuibia simu kwenye matatu, abiria wote wanajua umedhulumiwa. Mwislamu, Mkristo, mtu wa kaya anayefuata dini ya jadi ya Wamijikenda, na asiye na dini, wote watamkemea mwizi bila kushauriana juu ya aya. Kuna msingi wa pamoja, nao ni kwamba kila mmoja anajua kuumizwa kukoje na kila mmoja anahitaji wenzake. Msingi huo ndio tunaojengea.

Kwa matendo, tuna maswali tunayorudia kila kikao. Nani anaumia hapa, na kwa kiasi gani? Nani aliyeamua, na nani hakuulizwa? Hayo tunayoyaita ukweli tumeyajuaje? Na kama ungezaliwa upande wa pili wa jambo hili, maskini badala ya tajiri, binti badala ya mwana, ungeliona hivyohivyo? Maswali haya hayatoi jibu lenyewe. Yanazuia tu watu wasiruke hatua, na kwa maoni yangu mimi ninayeandika ukurasa huu, maovu mengi ya jamii yetu yanatokana na hatua iliyorukwa: mtu fulani hakuulizwa kamwe.

Je, tunaweza kukosea? Ndiyo. Waliokuwa na vitabu walikosea pia. Utumwa wa pwani hii ulitetewa kwa vitabu na ukapingwa kwa vitabu. Kukosea kunarekebishika mahali ambapo kuuliza kunaruhusiwa.

Nipeni mfano wa mjadala mmoja.

Tutachukua ule tuliorudia mara nyingi zaidi, kwa sababu unatokea jirani yetu: wazee wanaouawa Kilifi kwa tuhuma za uchawi.

Anayeishi pwani anajua hadithi. Mtoto anafariki, au ng'ombe wanakufa, au kijana aliyesoma anakosa kazi. Mganga anaulizwa, kidole kinaelekezwa kwa mzee mwenye mvi, mara nyingi baba au ami wa wanaolalamika. Siku chache baadaye mzee anakatwa panga usiku. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Wapo waliohama makwao kukimbilia hifadhi kama ile ya Kaya Godoma. Upande wa Tanzania, Usukumani, walioandamwa kwa miaka mingi ni hasa vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Tulipoanza, mjadala uligawanyika haraka. Kundi moja likasema tatizo ni ushirikina: wafundishe watu sayansi, mauaji yatakwisha. Kundi la pili likasema uchawi ni kisingizio, tatizo ni shamba. Ardhi bado imeandikwa jina la mzee, wana wanataka kuuza kipande, mzee amekataa. Kijana mmoja wa Ganze, hukohuko Kilifi, aliyekuwa kimya akasema jambo lililogeuza mazungumzo yote. Ukifika kwao, alisema, na kutangaza kwamba uchawi haupo, umeshafunga mkutano. Watakusikiliza kwa adabu na usiku watafanya walilopanga. Lakini waulize hivi: mnahitaji kujua nini, na kwa uhakika gani, kabla ya kumuua baba yenu? Swali hilo, alisema, linawasumbua hata wanaoamini uchawi kwa dhati, kwa sababu wao pia wanajua waganga hugongana, mmoja akimtaja huyu na mwingine yule.

Kutoka hapo tukaingia kwenye sheria. Kenya ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ya wakati wa mkoloni. Inamwadhibu anayejidai mchawi, lakini pia inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa tuhuma ipelekwe kwa mwenye mamlaka kama chifu au polisi. Wengi chumbani hawakujua sehemu hiyo ya pili. Wengine wakataka sheria nzima ifutwe kwa kuwa inaupa uchawi hadhi mahakamani. Bi mmoja mwanasheria akauliza: mkiifuta leo, huyu mzee anayeitwa mchawi mbele ya kijiji kizima atamshtaki jirani yake kwa kosa gani? Na ule msamaha wa kupeleka tuhuma kwa chifu, je, unamlinda mzee au unampa chifu orodha? Katiba ya 2010, Ibara ya 57, inamhakikishia mzee maisha ya heshima bila kudhulumiwa. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa nalo, mwaka 2021, lilipitisha azimio dhidi ya vitendo vinavyotokana na tuhuma za uchawi. Maandishi tunayo ya kutosha.

Kisha likaja la wosia, na hapo ndipo tulipogawanyika kabisa. Je, mzee ashauriwe kugawa ardhi mapema, mbele ya mashahidi, ili sababu ya kumuua iondoke? Waliokubali walisema uhai kwanza. Waliokataa walisema huko ni kumlipa muuaji kabla hajaua, na mzee akishagawa hubaki bila sauti wala chakula. Mpaka leo hatujakubaliana. Mimi niko upande wa kukataa, lakini mama mmoja ambaye mjomba wake aliuawa yuko upande wa pili, na sina moyo wa kumwambia kwamba hajui anachokisema.

Mtu akinukuu aya, mnamzuia?

Hatumzuii. Tunamwomba aongeze sababu ambayo jirani yake wa dini nyingine anaweza kuipima. Mara nyingi sababu hiyo anayo tayari.

Uhuru wa dini unaishia wapi? Mlizungumzaje Shakahola?

Kwa uzito, na kwa vikao zaidi ya kimoja. Kuanzia Aprili 2023 miili ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mpaka ikapita 400, mingi ikiwa ya watu waliofunga kula mpaka kufa, watoto wakiwemo. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake na wamekana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama, hatuitoi sisi.

Tulichojadili ni hiki. Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na maoni, na tunautetea kwa nguvu kwa sababu uhuru huo ndio unaotulinda sisi pia. Mtu mzima akikataa chakula kwa imani yake, nani ana haki ya kumlazimisha? Hapo tulibishana sana. Kuhusu watoto hakukuwa na ubishi hata kidogo: hakuna uhuru wa dini wa kumnyima mtoto chakula, kwa sababu mtoto hakuchagua.

Baadaye kikosi kazi kilichoongozwa na Mutava Musyimi kilitoa mapendekezo ya kusimamia taasisi za dini. Wengine wetu waliyafurahia. Wengine, nami nikiwemo, wanaogopa serikali inayojipa kazi ya kupima mafundisho ya nani ni sahihi. Leo itampima mhubiri wa msituni, kesho itampima asiyekuwa na dini. Kinachotakiwa kupimwa ni madhara: watoto wameacha shule, watu hawaonekani, jamaa wamepiga ripoti. Kosa la Shakahola tunaloliona sisi ni kwamba ishara za namna hiyo hazikushughulikiwa kwa wakati.

Mada nyingine ni zipi?

Viboko shuleni, ambavyo Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001 lakini bado vinapigwa, na ambavyo kanuni za Tanzania bado zinaviruhusu. Umri wa kuolewa, tukitumia kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, aliyoshinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Mishahara ya wafanyakazi wa ndani, mada iliyowatia jasho wengi wetu wenye wafanyakazi. Wasichana wetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Taka na bahari. Adhabu ya kifo. Mada hupendekezwa na yeyote na kupigiwa kura mwisho wa kila mwezi.

Na kama mada inanigusa mimi mwenyewe?

Hili tumelifikiria zaidi ya jambo lolote la uendeshaji. Tulipopanga kuzungumzia kujiua, baada ya Mahakama Kuu kuamua Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, tulijua kwamba katika chumba chochote kuna aliyefiwa kwa njia hiyo au aliyewahi kuifikiria. Kwa hiyo mada hutangazwa wiki mbili kabla, ili mtu aamue kama anakuja. Siku yenyewe mwanakikundi mmoja mwenye mafunzo ya ushauri nasaha hukaa karibu na mlango, na ukitoka atakufuata nje bila kukuuliza mbele ya watu. Kikao si matibabu na hatujifanyi madaktari. Anayehitaji msaada tunamsindikiza kwa wanaoujua.

Kuhusu mimba na utoaji wake ni vivyo hivyo. Tunasoma kwanza Ibara ya 26, inayosema uhai huanza mimba inapotungwa na pia inaruhusu mimba itolewe pale tiba ya dharura inapohitajika au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini. Kisha tunakumbushana kwamba aliyeketi pembeni yako huenda ameshapitia unalolihukumu. Hatuulizi mtu "wewe uliwahi?" Atakayeuliza atatolewa nje siku hiyo.

Siasa je?

Sera tunajadili, vyama na wagombea hapana. Miezi ya uchaguzi hatumkaribishi mwanasiasa yeyote.

Familia yangu haijui. Nitakuwa salama?

Hatupigi picha. Jina utakalotupa ndilo tutakalolitumia. Mahali pa kikao hutumwa kwa ujumbe siku mbili kabla, na namba yako haiingizwi kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa yako. Wanaoishi na wazazi tunawashauri wasiharakishe kutangaza lolote nyumbani, hasa kama karo na chakula vinatoka huko. Kusema ukweli ni jambo jema, na kuwa na mahali pa kulala pia ni jambo jema. Mtu asikushinikize kuchagua kati ya mawili hayo kwa ajili ya kuridhisha msimamo wake.

Sheria inawaruhusu?

Ndiyo. Ibara ya 8 ya Katiba inasema hakuna dini ya taifa, na ya 36 inatoa haki ya kujumuika. Katika sensa ya 2019 zaidi ya watu 755,000 nchini waliandikishwa kuwa hawana dini. Hata hivyo njia haikuwa nyoofu. Chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili baada ya malalamiko ya viongozi wa dini. Chama kikaenda mahakamani. Nigeria hali ilikuwa kali mno: Mubarak Bala, aliyekuwa rais wa chama cha wahumanisti, alihukumiwa miaka 24 jela mwaka 2022 kwa maneno aliyoandika mtandaoni. Kifungo kilipunguzwa kwenye rufaa na akatoka Januari 2025. Tunayataja haya ili anayejiunga ajue.

Mnafanya lolote, au ni maneno matupu?

Kila mada ikiisha tunauliza kama kuna jambo dogo tunaloweza kulifanya. Baada ya mijadala ya wazee, wanasheria wetu wawili hukaa siku moja kwa mwezi kuwasaidia wazee na jamaa zao kuelewa hati za ardhi na mirathi, bila malipo. Baada ya ile ya wafanyakazi wa ndani tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na baadhi yetu tukautia saini majumbani mwetu. Mada nyingine hazikuzaa tendo lolote, na hatulazimishi.

Kuna ada? Naweza kuja na watoto?

Ada hakuna. Kopo la mchango wa chumba na kahawa hupitishwa, na asiye nacho hulipitisha tu kwa jirani. Watoto wanakaribishwa kwenye vikao vya mwezi wa Agosti na Desemba, ambavyo huwa na visa na michezo. Vikao vingine ni vya waliotimiza miaka 18.

Niko Malindi, Lamu, Kwale. Naanzishaje kikundi huko?

Anza na watu watano unaowaamini, nusu yao wawe wanawake tangu siku ya kwanza, kwa sababu kikundi kilichoanza cha wanaume hubaki cha wanaume. Usianze na mada ya dini. Chagua jambo la mtaani ambalo kila mtu ana uzoefu nalo: maji, karo, mahari, dampo. Msifikirie usajili mpaka mmekutana miezi kadhaa na kuona kama mnapendana. Aliye Tanga au Pemba pia atuandikie, ila usajili huko unafuata sheria za Tanzania na Zanzibar, na kwa hilo atafute mwanasheria wa huko. Kwa kikao cha kwanza tutakutumia mwongozaji mmoja mzoefu. Nauli yake tunalipa sisi, wewe umtafutie pa kulala.